Hadow na Matterhorn, 1865: Kupandishwa mlima si kujifunza kupanda

Jioni ya tarehe 12 Julai 1865, katika kijiji cha Zermatt nchini Uswisi, Edward Whymper alimuuliza Kasisi Charles Hudson swali ambalo waongozaji wa milima huulizana hadi leo: huyu kijana unayetaka twende naye, ataweza? Kijana mwenyewe ni Douglas Hadow, Mwingereza wa miaka 19, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kwenye milima ya Alpi. Hudson alijibu kwamba Hadow amepanda Mont Blanc kwa muda mfupi kuliko watu wengi, akataja na safari nyingine kadhaa, akamalizia kwamba kwa maoni yake anafaa. Mjadala ukaishia hapo. Kesho yake wakaondoka kwenda Matterhorn. Keshokutwa alasiri Hadow aliteleza, na watu wanne kati ya saba wakafa.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuanzia kwenye kamba iliyokatika. Mimi naona kamba ni ukurasa wa mwisho. Kisa kinaanzia kwenye lile swali na lile jibu, kwa sababu jibu lilikuwa la kweli kabisa na bado halikujibu kilichoulizwa. Ni jibu linalosikika mpaka leo kwetu, Moshi na Nanyuki: mgeni huyu amefika Uhuru kwa siku tano, hana tatizo, mpeleke Nelion, kile kilele cha jabali cha mlima Kenya.

Kwanza tuone hao saba walivyokutana. Whymper alikuwa na miaka 25, mchongaji wa picha kutoka London, na tangu 1861 alikuwa akiijaribu Matterhorn kutokea upande wa Italia bila kufika kileleni. Julai hiyo aliyemtegemea, Jean-Antoine Carrel, aliondoka na kundi la Waitalia kwenda kuujaribu mlima huohuo. Whymper akabaki Breuil, kijiji cha upande huo wa Italia, bila mwongozaji, na hapo ndipo alipotokea Lord Francis Douglas, kijana wa miaka 18. Wawili hao wakavuka mlima kwenda Zermatt na kumchukua Peter Taugwalder, mzee mwenyeji wa hapo, pamoja na mwanawe kijana. Kufika hotelini wakamkuta Michel Croz wa Chamonix, Ufaransa, mwongozaji ambaye Whymper alimfahamu vizuri kwa safari za nyuma. Croz alikuwa ameajiriwa na Hudson, na Hudson naye alikuwa anaelekea Matterhorn. Wakaona si busara makundi mawili kuupanda mlima mmoja siku moja, wakaungana. Usiku wakalala, na saa 11:30 alfajiri wakaanza safari.

Hawakupata hata siku moja ya kupanda pamoja kama kundi. Croz hakuwahi kufungwa kamba moja na Taugwalder na Hadow kwa pamoja. Croz alikuwa Mfaransa na Taugwalder alizungumza Kijerumani cha bondeni kwake. Hudson na Whymper walikuwa viongozi wawili wa hadhi sawa, na kati ya watu saba hakuna aliyepewa neno la mwisho. Carrel alikuwa tayari yuko mlimani upande wa pili, kwa hiyo kila saa iliyopita iliwauma. Katika hali hiyo, nani angesema, “Ngojeni, twende kwanza kwenye jabali dogo tumwone huyu kijana anavyoshuka”?

Hudson hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1855 alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupanda Mont Blanc bila mwongozaji, na Whymper anaeleza kwamba kwenye Matterhorn alipanda mwanzo hadi mwisho bila kuhitaji kusaidiwa. Mtu wa namna hii huona miamba kwa macho ya miguu yake mwenyewe. Alimwona Hadow ana pumzi, ana nguvu, ana moyo, wala hakudanganya. Lakini Mont Blanc kwa njia ya kawaida ni mwendo mrefu juu ya theluji. Anayeimaliza haraka ameonyesha mapafu na mapaja. Hajaonyesha kama anajua kuusimamisha mwili juu ya jiwe lenye utando wa barafu, kisigino kikiwa hewani na macho yakitazama mita elfu moja za utupu.

Hili nalitilia mkazo kwa kuwa ndilo kosa letu la kila msimu. Uhuru iko mita 5,895 na Nelion mita 5,188, na kwa mtu anayesoma tarakimu peke yake, aliyefika juu zaidi ameshamaliza kazi. Kilimanjaro kwa njia zake za kawaida ni mwendo wa miguu. Ukuta wa Barranco utakutumisha mikono kidogo, na kinachobaki ni pole pole, maji na kichwa kuuma. Nelion ni kupanda jabali kwa kamba kutoka chini hadi juu. Tangu Eric Shipton na Wyn Harris walipoifikia mara ya kwanza Januari 1929, hakuna njia ya kutembea iliyogunduliwa pale. Aliyetoka Uhuru anakuja na zawadi kubwa, mwili uliokwisha kuonja hewa nyembamba. Kuhusu miguu yake juu ya mwamba, Kilimanjaro haikumuuliza swali lolote.

Turudi Matterhorn. Siku ya kwanza, tarehe 13, ilikuwa rahisi kupita walivyotarajia. Mgongo wa Hörnli, ambao ukiutazama kutoka Zermatt unaogopesha, walipoukanyaga waliuona unapandika. Kabla ya adhuhuri wakapiga hema kwenye mita 3,350 hivi. Kesho yake wakapanda mpaka kama mita 4,270 bila kamba kuhitajika sana. Hapo mgongo ukasimama wima, ikabidi waingie uso wa kaskazini.

Sehemu hiyo haikuwa kali kwa kuitazama. Whymper anasema mwinamo haukufika nyuzi 40. Theluji ilikuwa imejaza mianya, na mawe machache yaliyochomoza yalikuwa yamepakwa utando mwembamba wa barafu. Kwa maelezo yake, mpandaji yeyote wa wastani angepita pale kwa usalama. Croz alitangulia, Whymper akafuata, Hudson wa tatu. Mara moja moja Whymper alivutwa mkono na Croz, na alipogeuka kumpa Hudson mkono huohuo, Hudson akaukataa. Hadow alihitaji kusaidiwa mfululizo. Whymper akaongeza neno la haki: shida ya kijana ilitokana na kukosa uzoefu, wala haikuwa na sababu nyingine.

Saa 7:40 mchana wakafika kileleni, mita 4,478. Carrel na wenzake walionekana chini sana upande wa Italia. Croz akasimamisha mti wa hema na kufunga shati lake la kazi kama bendera. Wakakaa saa moja.

Katika saa hiyo moja kulikuwa na nafasi ya kulisema lililokuwa wazi. Tangu asubuhi walikuwa wamemwona mtu mmoja akipita sehemu ngumu kwa mikono ya wenzake, na sasa lazima apite palepale akishuka. Whymper na Hudson walizungumza habari ya mpangilio. Whymper alipendekeza kwamba wakifika pagumu wafunge kamba kwenye mwamba, iwe kishikio cha nyongeza kwa wanaoshuka. Hudson akaliafiki wazo. Halikuamuliwa kwa uhakika, na walipofika pale halikutekelezwa. Kamba ya kufungia walikuwa nayo, tena nyingi. Kila nikikisoma kisa hiki, mahali hapa ndipo panaponiuma.

Mpangilio waliokubaliana kushuka nao ulikuwa hivi: Croz wa kwanza, Hadow wa pili, Hudson wa tatu, Douglas wa nne, kisha Taugwalder mzee. Whymper na Taugwalder kijana walikuja nyuma wakiwa wamefungwa peke yao. Croz ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na akawekwa chini kabisa.

Kanuni waliyokwisha kuijua waongozaji wa wakati ule ni kwamba katika kushuka, mwenye nguvu hubaki juu. Akiwa juu anawaona wote, kamba inamfikia ikiwa imenyooka, na anayeteleza anavuta kuelekea kwenye miguu iliyokwisha kujikita. Kwa nini basi Croz awe chini? Kwa sababu ya Hadow. Kijana hakuweza kuona wala kuhisi pa kukanyagia, kwa hiyo lazima mtu awe chini yake amwekee miguu. Upungufu wa mwanafunzi ulimhamisha mwongozaji bora kutoka mahali ambapo nguvu zake zingewaokoa wote, ukampeleka mahali ambapo hawezi kumzuia yeyote.

Kupanda na kushuka ni stadi mbili. Ukipanda, jiwe liko usawa wa macho. Unaliona, unalipapasa, unalipa uzito kidogo kidogo, na aliye juu akikuvuta kamba anakusogeza kuelekea usalama. Ukishuka, mguu unakwenda usikoona. Hofu inakuegemeza mlimani, na ukiegemea hivyo soli inaachia kwa sababu uzito haukandamizi tena jiwe. Dawa yake ni kusimama wima, kuutoa mwili mbele, kutazama chini bila kugeuza uso, na kuuamini mguu mmoja kabla ya kuunyanyua wa pili. Hakuna anayejifunza hayo kwa kuvutwa juu. Ni sawa na mtoto anayefundishwa kuogelea huku ameshikwa tumbo: maadamu mkono upo, hata yeye mwenyewe hajui kama anaelea.

Croz na Whymper hawakuwa na nia mbaya walipompa Hadow mkono. Mwongozaji mwema humsaidia mgeni, ndiyo kazi yake. Lakini kila mkono uliotolewa asubuhi ile ulificha habari ambayo kundi zima liliihitaji alasiri. Mgeni akivutwa mara nyingi hadi kilele kikapatikana, kilele kinahesabiwa kuwa chake, na safari inayofuata atakuja na kilele hicho mkononi kama cheti. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa Mont Blanc yake.

Kiasi cha saa 9 alasiri, wakiwa kwenye ile sehemu ya barafu, Douglas alimwomba Whymper ajifunge pamoja na Taugwalder mzee, kwani alihofu kwamba mtu akiteleza mzee hataweza kusimama peke yake. Aliyeomba hivyo ni kijana wa miaka 18, mdogo kuliko wote. Siku chache kabla alikuwa kwenye mlima wa Ober Gabelhorn na Taugwalder huyuhuyu, na theluji iliyoning'inia kileleni ilipokatika, Douglas aliponea kamba. Yeye na Hadow walikuwa karibu rika moja, wote wageni wa kulipa, wote chini ya waongozaji. Mmoja alikwisha kujua kamba inafanya nini mtu anapoanguka, kwa hiyo alikuwa akihesabu nani anaweza kumshika nani. Ombi lake ndilo lililowaunganisha watu saba kwenye mstari mmoja, na huenda ndilo lililompa Taugwalder mzee mtu wa kusimama naye. Huyo alikuwa mwanafunzi kweli. Hakunusurika, lakini alikuwa amejifunza.

Walikuwa wakishuka mmoja mmoja. Mtu akishajikita, anayefuata anasogea. Kwa kadiri Whymper alivyoona kutoka nyuma, Croz alikuwa ameweka shoka lake la barafu kando ili mikono yote miwili iwe huru. Alikuwa ameshika miguu ya Hadow, anauweka mguu mmoja mahali pake, kisha mwingine. Alipomaliza akageuka kuteremka hatua moja au mbili yeye mwenyewe. Katika kugeuka huko Hadow akateleza, akamgonga, akamwangusha. Croz alipaza sauti mara moja. Hudson akang'olewa, Douglas akafuata. Taugwalder mzee na Whymper wakajikita, na mshtuko ukawafikia wote wawili kama mtu mmoja. Walisimama imara. Kamba ikakatika katikati ya Taugwalder na Douglas, na wanne wakaporomoka kama mita 1,200 hadi kwenye mto wa barafu ulio chini. Mwili wa Douglas haujapatikana mpaka leo.

Croz asiye na shoka, amegeuka nusu, mgeni wake amesimama juu yake kwa miguu aliyowekewa: hakuna mwongozaji duniani angemzuia mtu katika hali hiyo. Aliwekwa hapo na uamuzi wa Zermatt.

Sasa kamba. Whymper alikuja na aina tatu: moja ya katani ya Manila, ya pili nene na imara zaidi, na ya tatu kuukuu, dhaifu kuliko zote, iliyokusudiwa kuachwa kwenye miamba ikibidi. Ni hiyo ya tatu iliyowafunga Douglas na Taugwalder, huku zaidi ya mita 70 za kamba bora zikibebwa bila kutumika. Uchunguzi ulifanyika Zermatt Julai hiyohiyo chini ya hakimu Joseph Clemenz, na Taugwalder mzee akaulizwa kuhusu kamba hiyo. Hakupatikana na hatia. Uvumi kwamba aliikata kamba kwa kisu haukumwacha, ingawa Whymper mwenyewe aliukanusha. Kipande cha kamba hiyo bado kipo katika makumbusho ya Zermatt. Mimi sikubali mzigo huu abebeshwe mzee wa watu. Kamba zilikuwa za Whymper, naye wakati wenzake wanafungwa alikuwa kando akichora kilele. Watu saba walipita wakiwa na kamba hiyo mbele ya macho yao, akiwemo Hudson, na hakuna aliyevuta fundo na kuuliza, “Hii ni ipi?”

Je, kamba imara ingewashika? Whymper aliamini hivyo. Inawezekana pia ingewachukua wote saba, maana hapakuwa na nanga. Leo mwongozaji angezungusha kamba kwenye pembe ya jiwe au kuipitisha kwenye karabina, yaani pete ya chuma, iliyofungwa mwambani, na uzito wa anayeteleza ungebebwa na mlima. Wao walibebana. Kamba isiyofungwa kwenye kitu huunganisha makosa ya watu, na mtu mmoja asiye tayari anakuwa udhaifu wa kila aliyefungwa naye. Pembe za mawe zilikuwepo. Baada ya ajali, Whymper na akina Taugwalder walipokuwa wakishuka kwa hofu, ndipo walipoanza kufunga kamba kwenye miamba, jambo lilelile lililozungumzwa kileleni.

Simlaumu Hadow hata kidogo. Alikuwa na miaka 19, amealikwa na watu wazima anaowaheshimu, na hakuna aliyemwambia kwamba alichokifanya Mont Blanc ni kitu kingine. Mwanafunzi hajui asichokijua, na anayejua ndiye mwenye wajibu wa kumpima. Katika kisa hiki wa kumpima walikuwa wengi mno, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Whymper alimwamini Hudson, na Croz aliwakuta mabwana wamekwisha kukubaliana. Waongozaji wetu wanalijua hili vizuri. Mgeni aliyelipa na kampuni iliyompokea wanapokuwa wameafikiana, mtu wa mlimani hupewa mkataba uliokwisha kuandikwa, na kusema “hapana” kunaweza kumgharimu kazi ya msimu mzima.

Kwa upande wa mlima Kenya dawa iko karibu na si ghali. Kuna majabali ya Lukenya nje ya Nairobi, na kuna Hell's Gate karibu na Naivasha. Anayetaka Nelion apelekwe huko kwanza, na mwongozaji ambaye atafungwa naye kamba mlimani ndiye awe naye huko, si mwingine. Asimtazame anavyopanda tu. Amshushe. Amwambie ateremke mbele kwa miguu yake, kamba ikiwa imenyooka kutoka juu, bila mkono wa mtu, bila kuambiwa aweke mguu wapi. Amwambie afunge fundo lake mwenyewe na akague la mwenzake. Amtundike kwenye kamba mahali salama aone inavyobana na inavyoshika. Kisha wabadilishane, mwanafunzi amshikilie mwongozaji, kwa sababu Nelion huteremkwa kwa kamba palepale ilikopandwa, na mchovu wa saa 9 alasiri atategemewa na mwenzake.

Hata mlimani mafunzo yana nafasi. Mtu anaweza kulala Austrian Hut, kwenye mita 4,790, akapanda Point Lenana kesho yake, na siku nyingine akajaribu urefu wa kamba wa kwanza tu kwenye uso wa Nelion, kisha akashuka. Safari ya namna hiyo haina picha ya kilele, na wageni wengi hawataki kuilipia. Wanaoielewa huilipa, na mwongozaji akiitoa kwenye bei kama sehemu ya kazi, asiiombe kama fadhila, wengi zaidi wataielewa.

Na pale mwongozaji anapojikuta ameshika mguu wa mgeni na kuuweka mahali pake, mara ya kwanza ni msaada na mara ya pili pia. Ikifika ya tatu katika sehemu moja, wasimame hapo hapo, watafute nanga, wafunge kamba ya kushukia, na safari ya juu iishie hapo kwa siku hiyo.